Baridi Imekwisha, Tutoke Nje
Somo la vikundi: kazi za mikono na matembezi ya familia hapa Nairobi

Vitabu vingi vya kutoka ng'ambo ambavyo watoto wetu husoma shuleni husema kwamba majira ya joto huanza mwezi wa Juni. Mtoto wa Kawangware akisoma hivyo hushangaa, maana Juni ndiyo anavaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, lakini tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki hutuletea mawingu mazito ya chini, na siku nzima inaweza kupita bila jua kuonekana. Wazee wa pwani huyaita majira hayo kipupwe. Halafu mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu, mawingu yanafunguka, na mijakaranda ya Nairobi inaanza kumwaga maua ya zambarau barabarani. Huo ndio mwanzo wa joto letu sisi. Hudumu mpaka mvua za vuli zianze, kisha kiangazi chenyewe hurudi Januari na Februari.

Kwa hivyo somo letu limekuja wakati wake. Swali ni hili: jua likirudi, familia isiyo na pesa za ziada itafanya nini cha kuwafurahisha watu wake?

Hebu tuchukue mfano. Kuna mama na baba wenye watoto watatu, wanaishi chumba kimoja Kawangware au Kangemi. Baba anafanya vibarua vya mjengo, mama anafua nguo katika nyumba za Lavington. Shule zikifungwa, watoto hubaki plot. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja, anaambiwa achunge wadogo wake na afunge mlango kwa ndani. Wanakaa hapo kutoka saa moja asubuhi mpaka jioni. Kama kuna televisheni wanaitazama. Kama haipo wanapigana. Jumapili jioni baba amechoka, mama ana nguo za nyumbani za kufua, na kesho ni Jumatatu tena. Mwaka unaisha hivyo. Ukiwauliza kwa nini hawatoki siku moja pamoja, watakujibu, "Kutembea ni kwa matajiri. Sisi pesa hatuna." Jibu hilo ni la kweli nusu tu, na ndilo tutakalolichunguza.

Tuanze na mikono

Watoto wa mitaa yetu hawahitaji kufundishwa kucheza. Bano, kati, brikicho, blada, kalongolongo: yote hayo yanajulikana kabla mtoto hajajua kuandika jina lake. Wanajua pia kutengeneza. Mtoto wa kiume akipata waya wa seng'enge au hanga mbili za nguo, atakunja gari lenye boneti na usukani mrefu wa kulisukumia akiwa amesimama. Magurudumu ni vifuniko vya soda, au patipati ya zamani iliyokatwa mviringo. Mpira nao ulikuwa wa juala, tabaka juu ya tabaka, ukafungwa kwa kamba. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, juala zimekuwa adimu, na watoto wamehamia kwenye vitambaa na vipande vya magunia. Mpira haudundi sana kama ule wa zamani, lakini hakuna aliyeacha kucheza.

Wakati mwingine shida iko kwetu wazazi. Tunakuta gari la waya chini ya kitanda, tunasema ni takataka na kulitupa. Afadhali umwombe mtoto akuonyeshe jinsi magurudumu ya mbele yanavyokata kona. Utagundua amepima, amekosea, amerudia, mpaka likakubali. Fundi wa jua kali naye hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Kuchora pia ni rahisi. Kipande cha makaa kilichobaki jikoni na upande wa ndani wa boksi la sabuni vinatosha. Wako watu waliofika mbali kwa kuanza na vitu vya namna hiyo. Kule Kibera kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa mwaka 2001 na vijana wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wakiandika mabango ya vioski na vinyozi. Rangi ya mabango ndiyo iliyokuwa shule yao. Kabla yao kuna mzee Elimo Njau, mzaliwa wa upande wa Kilimanjaro, ambaye mwaka 1959 alichora ukutani, katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a, maisha ya Yesu tangu kuzaliwa mpaka msalaba. Watu wake ni Waafrika, na mandhari ni ya vilima na migomba ya huko huko. Mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi. Katika kikundi chenu, jaribuni hivi: kila mtu achore njia anayopita kutoka nyumbani hadi steji. Si lazima ipendeze. Mtashangaa kuona jinsi mama mmoja alivyoweka bomba la maji katikati ya karatasi, kubwa kuliko nyumba zote, na kijana akaliacha kabisa.

Kuna kusuka kiondo, na hapa ningependa kukaa kidogo. Akina mama wengi wetu, hasa waliolelewa Ukambani na sehemu za Mlima Kenya, walijifunza kusokota nyuzi za mkonge pajani wakiwa wasichana wadogo, na kuanza kiondo kutoka kitakoni kwenda juu. Mjini mkonge ni shida, kwa hivyo wengine hufumua magunia ya nailoni na kutumia nyuzi zake, au sufi za sweta kuukuu. Kazi hii ina raha yake. Mikono inaenda yenyewe huku mdomo unazungumza, na unaweza kuiacha mtoto akilia na kuirudia bila kuharibika.

Sasa nina neno, na najua wenye semina za mikopo watanikasirikia. Kila mara akina mama wakikaa pamoja kusuka, hatupiti mwezi mmoja kabla mtu hajasema, "Huu uwe mradi wa mapato." Mara tunachagua mweka hazina, tunahesabu vyondo, tunapanga bei. Wakati mwingine inafaa. Mfano mzuri ni Kazuri kule Karen, ambayo Susan Wood aliianzisha mwaka 1975 na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, wakifinyanga shanga za udongo. Baadaye kazi hiyo ilikuja kuajiri mamia ya wanawake. Hatuwezi kuibeza. Lakini angalia kinachotokea katika vikundi vyetu vidogo. Mara tu hesabu inapoanza, yule mama asiyesuka vizuri anaona haya na kuacha kuja. Yule anayesuka haraka analalamika kwamba anawabeba wengine. Saa mbili za kicheko zinageuka kuwa saa mbili za kazi nyingine, baada ya siku nzima ya kazi. Kama mnataka biashara, anzeni biashara, muweke siku yake. Ile siku ya kusuka kwa kupenda iacheni ilivyo. Mtu maskini naye ana haki ya kufanya jambo kwa sababu tu linampendeza.

Mtu mwingine atapenda kukusanya vitu: majani, mbegu, stempu. Hata hili lina mfano wake mkubwa hapa mjini. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alipenda sana kukusanya vitabu, stempu na kazi za sanaa za Kiafrika. Sehemu kubwa ya alivyokusanya sasa ni mali ya taifa. Ukiingia katika jengo la Nyaraka za Taifa katikati ya mji, lile lililokuwa zamani Bank of India, utakuta vinyago, vyombo, silaha na nguo alizokusanya. Vingine viko Nairobi Gallery, jumba la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Murumbi alikuwa na uwezo, ni kweli. Lakini stempu ni kikaratasi kidogo, na jani lililoanguka halina bei. Lilaze kati ya magazeti ya zamani, weka mawe juu, baada ya wiki mbili litakuwa limekauka likiwa limenyooka. Kisha mwandikie jina lake mtoto kwa lugha ya nyanya yake, kama bado kuna anayelikumbuka.

Miguu nayo

Tukija kwenye matembezi, nasisitiza neno moja: kutembea. Kutoka Kawangware, ukipita Gitanga Road, Valley Arcade na Othaya Road hadi Kileleshwa, unafika Arboretum kwa miguu kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ukienda mwendo wa mtoto. Wanaotoka mbali zaidi, Uthiru au Waithaka, wapande matatu sehemu ya njia. Nauli hushuka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na mtoto mdogo hubebwa magotini. Mvua ikianza kunyesha, nauli hupanda hapo hapo makanga akikutazama usoni bila haya, kwa hivyo angalia mawingu kabla ya kutoka.

Arboretum ilianzishwa mwaka 1907. Ina kama hekta 30, na miti ya aina zaidi ya 300 kutoka hapa kwetu na nchi nyingi za dunia. Watu wengi hupumzika chini ya miti hiyo bila kujua ililetwa kwa nini. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na injini za moshi zilihitaji kuni nyingi sana. Misitu ya asili ilikuwa ikikatwa haraka, basi serikali ya wakoloni ikatafuta miti inayokua upesi ipandwe kwa ajili ya kulisha magari ya moshi. Arboretum ilikuwa shamba la majaribio. Nashauri familia ifanye matembezi mawili yanayofuatana. Siku ya kwanza nendeni Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Watoto wapande juu ya injini zile kuukuu, waone na tanuru ambamo kuni zilitupwa. Wataoneshwa pia behewa ambamo simba alimkamata ofisa wa polisi Charles Ryall mwaka 1900 pale Kima, na hadithi hiyo peke yake itawatosha kwa mwezi mzima. Siku ya pili ndipo muende Arboretum. Mtoto aliyeona tanuru ataitazama miti kwa macho mengine.

Katikati ya mji kuna matembezi ya bure kabisa. Anzia kwenye sanamu ya Tom Mboya katika Moi Avenue, iliyozinduliwa mwaka 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Waeleze watoto alikuwa nani, maana wengi wanajua Tom Mboya ni jina la barabara ya matatu. Kisha panda polepole mpaka bustani ya Jeevanjee, ukae kwenye nyasi, usikilize wahubiri na wabishi wa siasa. Bustani hiyo ilitolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906.

City Park, upande wa Parklands, ina kima wengi. Wanapendeza, lakini msiwape chakula. Kima aliyezoea kulishwa hunyang'anya, na akizuiwa huuma. Humo ndimo alimozikwa Murumbi pamoja na mkewe Sheila, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Februari 1965. Pamewekwa sanamu za mawe pia. Mkitaka milima, gari namba 111 linapita Ngong Road mpaka mji wa Ngong, na kutoka hapo mtaona vinu vya upepo juu ya vilima. Kilele kirefu zaidi kina kama mita 2,460. Huko si kwa watoto wadogo, wala msiende peke yenu. Nendeni mkiwa kikundi, na mwombe askari wa misitu awasindikize.

Kwa wanaopenda ndege, hata kutoka mtaani si lazima. Kawangware yenyewe, wazee husema, imepata jina kutokana na ngware, ndege wa jamii ya kwale na kanga. Ngware hawapo tena, lakini kwarara wanapita juu ya mabati kila asubuhi wakipiga kelele, na mwewe wa Nairobi anaweza kuchukua mandazi kutoka mkononi mwa mtoto wa shule bila kumgusa kidole. Tangu mwaka 1971, yalipoanzishwa na Fleur Ng'weno, matembezi ya kutazama ndege hufanyika kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa. Kijana aliyemaliza shule na hana kazi Jumatano aende akaone.

Mlango ni wa nani?

Turudi kwa lile jibu: "Kutembea ni kwa matajiri." Nimesema ni kweli nusu. Nauli ni kitu halisi, na kiingilio cha watu watano kinaweza kuwa unga wa siku mbili. Hakuna haja ya kudanganyana. Lakini nusu ya pili ni woga. Tunaogopa askari wa langoni atatutazama viatu. Woga huo una historia. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani. Mtu aliyefukuzwa langoni humfundisha mwanawe kupita upande wa pili wa barabara, naye mwana humfundisha mjukuu, hata baada ya lango kufunguliwa.

Na mahali pasipotumiwa na wananchi huchukuliwa. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga ghorofa la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, na Wangari Maathai akaupinga mpaka ukaachwa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee, ilipotakiwa kugeuzwa maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa yule mzee aliyeitoa bustani, alisimama na wengine wakaizuia. Januari 1999, Wangari na wenzake walipigwa kwenye lango la msitu wa Karura walipokwenda kupanda mti katika ardhi iliyokuwa imegawanywa kwa watu binafsi. Leo watu wanakimbia na kuendesha baiskeli humo. Wanaotetea bustani hushinda kwa urahisi zaidi pale ambapo kuna watu wengi wanaoweza kusema, "Sisi hukaa hapa kila mwezi, na watoto wetu wanalijua kila jiti." Kwa hivyo mama wa Kangemi anayeketi Arboretum na flaski yake ya chai analinda kitu, hata kama yeye anafikiri anapumzika tu.

Kupanga safari ya kwanza

Kikundi kipange mwezi mmoja mbele, kila familia ikiweka shilingi chache kila wiki. Msisubiri mwisho wa mwaka, maana Desemba nauli ni kali na wengi wameenda mashambani. Jumamosi ya Septemba au ya Januari ni bora. Chakula kitoke nyumbani: viazi vitamu, mayai, njugu, uji kwenye flaski. Maji yawekwe katika chombo cha kudumu, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Sehemu nyingi za serikali siku hizi hupokea kiingilio kwa simu, basi hakikisheni mmoja wenu ana pesa kwenye simu kabla ya kufika langoni. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya mzazi. Mtu mzima mmoja asipewe watoto zaidi ya watano, na watoto wasiruhusiwe kuchezea maji ya mito ya mji huu, hata yakionekana safi.

Na baba nao waje. Mara nyingi matembezi haya huwa ya akina mama na watoto, huku baba wakisema watafuata. Hawafuati.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Ulipokuwa mtoto ulitengeneza nini kwa mikono yako, nani alikufundisha, na wewe umemfundisha nani?

Je, kikundi chetu kikianza kusuka au kuchora pamoja, tutauza au hatutauza? Asiyekubaliana na wengi asikizwe mpaka mwisho.

Kuna mahali popote Nairobi ambapo unaogopa kuingia ingawa hakuna sheria inayokukataza? Uliambiwa na nani kwamba si pako?

Katika mtaa wako, uwanja wa mwisho ambao watoto bado wanachezea uko wapi, na hati yake iko kwa nani?